NYUMBA ZA KUPANGISHA KWA SIKU ZIANDIKISHWE, NA TUANZE NA ZETU

Mtu apitaye jioni katika mitaa ya Mikocheni au Mbezi Beach jijini Dar es Salaam, au katika mitaa ya Njiro kule Arusha, huona jambo ambalo miaka ishirini iliyopita halikuwapo. Gari la kukodi husimama mbele ya nyumba ya kawaida. Abiria wawili hushuka na masanduku yao, husoma maelezo katika simu, hubonyeza tarakimu kadhaa kwenye kitasa, na mlango ukafunguka. Hapana mwenyeji aliyetoka kuwapokea. Hapana meza, hapana daftari, hapana aliyewauliza jina wala watokako. Siku ya tatu wamekwisha kuondoka na wengine wamefika. Jirani anayechangia nao ukuta hajui kama watu aliopishana nao langoni ni ndugu za mwenye nyumba, ni wapangaji wake, au ni watu waliopotea njia. Mwenyekiti wa mtaa naye hajui zaidi ya jirani huyo. Lakini kampuni iliyoko San Francisco, Marekani, inajua: inajua jina la mgeni, inajua alilipa kiasi gani, inajua nyumba iko wapi, ina vitanda vingapi, na akaunti ya mwenye nyumba ni ipi.

Kampuni hiyo ni Airbnb, iliyoanzishwa mwaka 2008, nayo siyo ya pekee katika biashara hii. Jina lake limekwisha kuwa jina la nyumba zenyewe. Siku hizi mtu husema kwamba ana "Airbnb" mbili Kigamboni kama vile wazee wetu walivyokuwa wakisema wana mashamba mawili Mkuranga.

Napenda ieleweke tangu mwanzo kwamba tahariri hii haiandikwi kuipinga biashara hiyo. Mwananchi aliyejenga kwa jasho lake, akapata mgeni wa kulipia kitanda chake, ametenda jambo halali. Mgeni anayelala Mbezi hununua samaki Mbezi, hupanda bajaji ya Mbezi na humlipa dobi wa Mbezi. Fedha ya namna hii huwafikia wananchi wengi kuliko fedha ya hoteli kubwa ambayo nyama yake na hata matunda yake huagizwa kutoka nje. Tunachodai ni kimoja: nyumba hizi ziandikishwe, zote, katika daftari la mamlaka ya mahali zilipo; na kazi hiyo ianzie kwenye nyumba zinazomilikiwa na watumishi wa umma na viongozi, yaani sisi wenyewe tunaoandika na kusoma ukurasa huu.

Nchi yetu si ngeni katika jambo la kujua nani amelala wapi. Mfumo wa nyumba kumi kumi, ulioanzishwa na TANU katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, ulikuwa na madhumuni mengi ya kisiasa. Lakini katika maisha ya kila siku mwananchi wa kawaida aliujua zaidi kwa jambo moja dogo, kwamba ukipata mgeni unampeleka kwa balozi akafahamike. Tangu vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992 balozi ni kiongozi wa Chama tu, na shughuli za Serikali mtaani ni za mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Hilo ni sawa. Ila desturi ile ilikuwa na maana yake: mgeni aliyejulikana alikuwa amelindwa, na mwenyeji wake naye alikuwa amelindwa.

Desturi hiyo haikufa katika nyumba za kulala wageni. Ingia katika gesti yoyote ya Manzese, ya Mwanjelwa au ya stendi ya Singida, yenye vyumba vinane na taa hafifu. Kabla hujapewa ufunguo utaletewa daftari refu lenye mistari, uandike jina lako, utokako, uendako na kazi yako. Ukutani, nyuma ya kichwa cha mhudumu, utaona leseni ya biashara imetundikwa ndani ya fremu, na pengine vumbi limeifunika, lakini ipo. Askari akija usiku kuuliza, daftari linafunguliwa. Bwana afya akija, anaonyeshwa choo. Mwenye gesti hiyo mara nyingi ni mtu wa kipato cha chini kuliko wapangishaji wa Masaki, na chumba chake ni cha shilingi 15,000.

Sasa tuulize swali la haki. Huyu wa Manzese anawajibika kwa halmashauri, kwa polisi, kwa bwana afya na kwa Mamlaka ya Mapato. Yule wa Masaki anayetoza kwa usiku mmoja mara kumi ya bei hiyo hawajibiki kwa yeyote, kwa sababu tu biashara yake haina kibao mlangoni. Je, hii si sheria ya wanyonge na msamaha wa wenye nazo?

Wako wanaodhani kwamba sheria haipo na kwamba tunaomba mzigo mpya. Sivyo. Sheria ya Leseni za Biashara ni ya mwaka 1972, nayo inamtaka mtu asifanye biashara bila leseni. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inaifunga hati ya kumiliki ardhi kwa matumizi yaliyotajwa ndani yake. Kiwanja kilichotolewa kwa makazi hakigeuzwi kuwa cha biashara kwa kunong'ona, bali kwa idhini. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inazihusu huduma za malazi ya watalii, na sheria za kodi ya mapato zinaihesabu fedha ya pango kuwa ni mapato kama mapato mengine. Kwa hiyo sheria ziko tele. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kugonga mlango, na sababu ya kukosekana kwake ndiyo inayotufikisha kwenye kiini cha hoja yetu.

Nyumba hizi ni za nani? Baadhi ni za wageni na matajiri, hilo halina ubishi. Lakini kila asomaye ukurasa huu anawajua wenzake kazini wenye nyumba za namna hiyo. Ni za wakurugenzi, za mahakimu, za wahasibu wa mashirika, za wakuu wa idara, za wahadhiri, na za walimu wakuu waliokopa kwenye ushirika wa akiba na mikopo wakajenga nyumba ya pili Bagamoyo. Afisa biashara anayetakiwa kukagua leseni anayo yake. Afisa wa kodi anayo ya mke wake. Mtu hawezi kutazamiwa kugonga kwa nguvu mlango ambao nyuma yake kuna kitanda chake mwenyewe.

Historia ya jambo hili yafaa ikumbukwe, hasa na vijana ambao hawakuwapo. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi mambo kadhaa, na moja kati ya hayo lilikuwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Neno kiongozi halikuwa na maana ya mawaziri peke yao. Liliwahusu pia watumishi wa Serikali wa vyeo vya kati na vya juu. Miaka minne baadaye, Aprili 1971, Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilikabidhiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Wako waliolia wakati ule, na baadhi yao walilia kwa haki, kwa kuwa nyumba hizo zilikuwa jasho la maisha yao. Lakini msingi wa fikra haukuwa chuki juu ya nyumba. Ulikuwa ni hofu kwamba mtu mwenye madaraka akiwa pia na wapangaji, siku moja atatumia madaraka hayo kwa ajili ya wapangaji wake na siyo kwa ajili ya umma.

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama Cha Mapinduzi ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti hayo. Tangu hapo kiongozi anaweza kupangisha nyumba. Hatukusudii kuufungua upya mjadala huo. Uchumi ulikuwa umebadilika, mishahara ilikuwa haitoshi, na watumishi wengi walikuwa wamekwisha kuanza miradi ya kujikimu iliyofichwa chini ya majina ya shangazi. Lakini iangaliwe kilichoruhusiwa. Iliruhusiwa kupangisha, haikuruhusiwa kuficha. Ndiyo maana mwaka 1995 ilitungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13, inayomtaka kiongozi atamke mali zake kwa Kamishna wa Maadili. Hiyo ilikuwa kama bei ya ruhusa ile. Hofu ya mwaka 1967 haikufutwa. Ilitafutiwa dawa nyingine, nayo ni uwazi. Nyumba isiyoandikishwa inaitupa dawa hiyo na kutubakizia ugonjwa.

Tuzisikilize basi sababu zinazotolewa na wenye nyumba, maana si zote za kipuuzi.

Wa kwanza husema: hii ni nyumba yangu, nimlaze nimtakaye. Kweli, mpaka pale unapompa mgeni bei. Mjomba akija kutoka Kigoma hakuna sheria inayokuhusu. Lakini mtu usiyemjua, aliyetafutwa na kampuni usiyoijua mkuu wake, akakulipa ili alale siku mbili na kumpisha mwingine asiyejulikana, huyo amekwisha kuibadilisha nyumba yako. Imekuwa duka ambalo bidhaa yake ni usingizi.

Wa pili husema kwamba amekwisha kulipa kodi ya jengo, kwa kuwa tangu mwaka 2021 hukatwa kila anunuapo umeme wa LUKU. Hiyo ni kodi ya kuwa na jengo. Bibi kizee wa Temeke anayeishi katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, asiyepangisha hata varanda, naye hukatwa. Haiwezi kuwa kodi ya biashara.

Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye msomi zaidi, husema kwamba kampuni ya mtandao inatozwa kodi na Serikali, kwa hiyo yeye amemaliza. Ni kweli kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka kodi ya asilimia 2 juu ya mapato ghafi ambayo kampuni za nje huyapata nchini kwa njia ya mtandao. Lakini kodi hiyo ni ya kampuni, juu ya sehemu inayochukuliwa na kampuni. Mwenye nyumba hawezi kujificha nyuma yake, kama vile muuza soda asivyoweza kusema kwamba kiwanda kimelipa.

Na wa nne hasemi kitu, husubiri. Huyu ndiye mwenye wafuasi wengi.

Yapo mambo mawili yanayotufanya tuone kwamba kusubiri kumetosha.

La kwanza ni usalama. Januari 2024 jirani zetu wa Kenya walishtushwa na mauaji ya wasichana wawili mjini Nairobi, katika nyumba za kupangisha kwa siku, yaliyotokea katika muda wa siku chache. Tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliandamana katika miji ya nchi hiyo kulaani mauaji ya wanawake. Serikali ya Kenya ikawataka wenye nyumba za namna hiyo waandikishwe na Mamlaka ya Kusimamia Utalii. Sheria ya Utalii ya Kenya ni ya mwaka 2011, kwa hiyo hata kule sheria ilikuwapo miaka kumi na miwili na zaidi; kilichoiamsha ni maiti. Hatudai kwamba daftari humzuia muuaji. Lakini mtu anayejua kwamba jina lake halikuandikwa popote mtaani, na kwamba nyumba anayoingia haijulikani hata na polisi wa kituo cha jirani, ana ujasiri ambao asingekuwa nao katika gesti ya Manzese. Tena, wanaosafirisha binadamu, ambao tuna sheria dhidi yao tangu mwaka 2008, hawatafuti hoteli yenye kamera na mapokezi. Hutafuta mlango unaofunguka kwa tarakimu.

La pili ni makazi. Tuseme nyumba ya vyumba viwili ilikuwa ikipangishwa kwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akiigeuza kuwa ya wageni wa siku kwa shilingi 90,000 kwa usiku, na ikapata wageni siku 15 tu katika mwezi, inaingiza shilingi 1,350,000. Hata akitoa umeme, sabuni, mfagiaji na sehemu ya kampuni, bado amepata zaidi. Hatumlaumu kwa kujua hesabu. Lakini muuguzi aliyehamishiwa wilaya hiyo, au mwalimu wa shule ya sekondari anayetafuta nyumba karibu na kazi yake, sasa anashindana na mtalii anayelipa kwa dola. Na hapa wasomaji wetu wako pande zote mbili za ukuta: mmoja ni mwenye nyumba, mwenzake ofisi ya pili ndiye aliyetolewa ndani yake akapewa notisi ya mwezi mmoja. Hatusemi nyumba hizo zipigwe marufuku. Tunasema kwamba halmashauri isiyojua kama ina nyumba 50 za namna hiyo au 5,000 haiwezi kupanga chochote, wala kuruhusu wala kuzuia.

Mfano wa Barcelona, Hispania, unafaa kutazamwa kwa makini zaidi kuliko unavyotazamwa. Juni 2024 Meya wa mji huo alitangaza kwamba ifikapo Novemba 2028 leseni za nyumba za kupangisha watalii hazitaongezwa muda, ili nyumba hizo zirudi kwa wakazi. Magazeti mengi yalishangilia au kulaani uamuzi wenyewe. Sisi kilichotuvutia ni idadi aliyoitaja: nyumba 10,101. Aliweza kuzitaja hadi ile moja ya mwisho kwa sababu zilikuwa zimeandikishwa. Uamuzi wake waweza kuwa mbaya au mzuri, hilo ni la watu wa Barcelona. Lakini ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye daftari mkononi. Mji wa New York nao, tangu Septemba 2023, hauruhusu kampuni za mtandao kupokea malipo kwa nyumba ya muda mfupi isiyo na namba ya uandikishaji. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 kanuni, iliyowekewa tarehe 20 Mei 2026 kuanza kutumika, inayozitaka kampuni hizo zionyeshe namba ya uandikishaji katika tangazo la nyumba palipo na utaratibu huo, na zipeleke taarifa kwa mamlaka za nchi. Nchi tajiri, zenye polisi wengi na kompyuta nyingi, zimeona haziwezi bila daftari. Sisi tunatarajia tuweze kwa kukisia?

Zanzibar inastahili kutajwa peke yake. Utalii si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2009 na Kamisheni yake ya Utalii. Visiwa vyenye watu 1,889,773 kwa sensa ya mwaka 2022 vilipokea wageni zaidi ya 700,000 katika mwaka 2024 peke yake. Huko jambo hili haliko mbali kama liwavyo kwa mkazi wa Dodoma. Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, haukutiwa kwa ajili ya milango ya kuchonga tu. Ni mji wa watu: wa barazani, wa madrasa, wa wauza kahawa, wa wanawake waitanao dirisha kwa dirisha. Ghorofa moja moja ikigeuzwa kimyakimya kuwa vitanda vya wageni wa siku tatu, na familia moja moja ikihamia mashamba, itafika siku ambapo mgeni atalipa ili awaone Waunguja wa Mji Mkongwe na kuwakuta wageni wenzake. Mamlaka ya Mji Mkongwe ilikwisha kuundwa mwaka 1985 ili kuhifadhi kuta. Kwa wakaaji, kinga ya kwanza ni kujua nyumba ipi bado ni ya kukaa na ipi imekwisha kuwa ya kulaza.

Hadi hapa tumewasema wenye nyumba. Lakini tungekuwa tunawaonea kama tungeishia hapo, maana upande wa pili wa meza nao una makosa yake, na pengine ni makubwa zaidi.

Mchukue mwalimu yule wa Bagamoyo. Amesoma tahariri kama hii, dhamiri imemsuta, ameamua kujiandikisha. Ataanzia wapi? Atakwenda Mamlaka ya Mapato kwa ajili ya namba ya mlipa kodi. Kama nyumba ameipa jina la biashara, atakwenda BRELA. Leseni ataiomba halmashauri kwa mfumo wa TAUSI, ambao kwa anayeujua ni mwepesi na kwa asiyeujua ni kijana wa kibanda cha intaneti anayemtoza shilingi 10,000 kumjazia. Watu wa zimamoto wana ukaguzi wao. Bwana afya ana wake. Afisa ardhi atamuuliza juu ya matumizi ya kiwanja. Mambo ya utalii yana leseni yake chini ya Wizara, na fomu inayomtazama mwenye vyumba viwili kwa jicho lile lile linalomtazama mwenye hoteli ya vyumba mia mbili. Mwalimu huyu hufundisha vipindi ishirini na nane kwa wiki. Baada ya dirisha la tatu na "njoo kesho" ya pili, atarudi nyumbani, atafungua simu yake, na kuendelea kupokea wageni kama zamani. Kampuni ya San Francisco ilimwandikisha kwa dakika ishirini, akiwa amekaa kitandani.

Jambo hilo ni la aibu kwetu na hatuna budi kulisema. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na dharau kwa wananchi. Afisa anayemfanya mtu mwema ajute kwa wema wake ana dharau hata kama anatabasamu. Serikali ilitoa mwaka 2018 mpango wa kurekebisha mfumo wa udhibiti wa biashara, uliokusudia kupunguza ofisi na tozo zinazorudufiana. Mpango huo ulikuwa mzuri. Nyumba za kupangisha kwa siku ni mahali pazuri pa kuonyesha kwamba haukuwa karatasi tu.

Ureno ilifanya hivyo. Sheria yake ya mwaka 2014 kuhusu malazi ya namna hii ilimtaka mwenye nyumba apeleke taarifa kwa mkuu wa halmashauri ya mji wake, apate namba ya uandikishaji, kisha aitumie namba hiyo katika matangazo yake. Ukaguzi ulifuata baadaye. Kwa njia hiyo maelfu ya nyumba zilizokuwa zimejificha zilitoka nje zenyewe. Baadaye miji kama Lisbon iliweza kuweka mipaka katika mitaa iliyozidiwa, kwa kuwa ilikuwa na kitu cha kuhesabu.

Sisi tunapendekeza njia isiyo na makuu. Fomu iwe moja, ya ukurasa mmoja, ipatikane kwa mtendaji wa kata na kwa njia ya simu. Itaje mwenye nyumba, mahali ilipo, idadi ya vyumba, mtu wa kuitwa usiku kukitokea jambo, na namba ya mlipa kodi. Ada iwe ndogo kwa mwenye nyumba moja, ipande kwa mwenye tano, ipande zaidi kwa mwenye ishirini, maana huyo wa ishirini ana hoteli iliyotawanyika mitaani. Namba itoke siku hiyo hiyo. Zimamoto na afya waende baadaye, pamoja, siku moja, kuangalia kama kuna kizimamoto, kama choo kinafaa, kama dirisha la chumba cha kulala linafunguka kwa ndani. Halmashauri impe mwenyekiti wa mtaa orodha ya nyumba zilizo katika mtaa wake. Orodha ya nyumba tu, siyo ya wageni, kwa sababu majina ya wageni yakae katika daftari la mwenye nyumba na yafunguliwe kwa askari mwenye sababu, siyo kwa kila mwenye udaku. Na Serikali izitake kampuni za mtandao ziondoe tangazo lolote lisilo na namba hiyo. Zimekubali masharti kama hayo New York. Hatuoni kwa nini zishindwe kuyakubali Dar es Salaam.

Wapewe wenye nyumba miezi sita ya kujitokeza bila kuulizwa walikuwa wapi. Mashindano ya mpira ya Afrika ya mwaka 2027 yamepangwa kufanyika Tanzania, Kenya na Uganda, na tamaa ya kugeuza kila chumba kuwa kitanda cha mgeni haitapungua. Afadhali daftari lifunguliwe kabla ya wageni kufika kuliko kulifungua baada ya msiba, kama ilivyokuwa kwa jirani zetu.

Tulisema kazi ianzie kwetu, nasi hatukulisema hilo kwa mapambo. Mwalimu wa kawaida hadaiwi fomu ya maadili, wala karani wa masijala. Wao wataangalia wakubwa wao wanafanya nini. Lakini kiongozi anayehusika na sheria ile ya mwaka 1995 hujaza tamko la mali zake kila mwisho wa mwaka, na ndani yake hutaja nyumba. Basi Sekretarieti ya Maadili iongeze swali moja katika tamko hilo: je, nyumba hii hulaza wageni wa kulipia, na kama ndiyo, namba yake katika daftari la halmashauri ni ipi? Atakayejaza kwamba hailazi, na tangazo lake likaonekana mtandaoni likiwa na picha ya kitanda, taulo zilizokunjwa na bei kwa dola, atakuwa amejiandikia mashtaka kwa mkono wake. Tamko la mwaka huu halijafungwa. Swali hilo laweza kuingizwa sasa.